Risasi zinakwenda chini kushoto? Usiguse saiti kwanza, tuzungumze mshiko na kidole

#1 Mtutu Mfupi (mleta uzi)

Wakuu, salamu.

Kila uwanja wa shabaha una mtu wa aina hii: karatasi yake imetobolewa pembeni, na jambo la kwanza analofanya ni kuisingizia bastola. Saiti (vile vipande viwili vya kulengea juu ya bastola) zimepinda. Risasi mbovu. Mtutu umechoka. Mwalimu anaichukua bastola ileile, anapiga tano katikati bila kurekebisha chochote, na maneno yanaishia hapo. Bastola karibu yoyote ya kiwandani iliyo nzima, ikifungwa kwenye kibano, itapiga kundi la matundu dogo kuliko wengi wetu tunavyoweza kwa mkono. Kwa hiyo humu sizungumzii kununua kitu. Nazungumzia mikono miwili na kidole kimoja.

Usalama kwanza, na sitarudia. Kila silaha ichukulie ina risasi. Mtutu usielekee kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka saiti ziwe kwenye shabaha. Jua unapiga nini na nyuma yake kuna nini. Ndizo kanuni nne zinazojulikana kwa jina la Jeff Cooper, na asiyezijua kwa kichwa aishie hapa, akazisome kwanza. Yote ninayoandika ni kwa mwenye kibali, kwenye uwanja halali, palipo na msimamizi.

Sasa tuanze na uzito, maana ndio unaoeleza mengi. Chukua Glock 17, wengi mnaifahamu. Ikiwa imejaa risasi zake 17 haifiki kilo moja. Triga yake ya kiwandani inataka mvuto wa karibu kilo mbili na nusu. Yaani kidole kinaivuta bastola kwa nguvu inayozidi mara mbili uzito wake, halafu tunashangaa inasogea! Kwenye Beretta 92, risasi ya kwanza nyundo ikiwa bado imelala, mvuto unakaribia kilo tano. Kama hakuna kinachoizuia bastola isikifuate kidole, itakifuata tu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mshiko, kabla hata hujafikiria kuzuia teke, ule mruko wa bastola risasi inapotoka.

La pili ni hesabu ya saiti. Umbali kati ya saiti ya mbele na ya nyuma kwenye bastola ya ukubwa wa kawaida ni kama milimita 160. Saiti ya mbele ikihama milimita 1 tu ndani ya ufa wa ile ya nyuma, kwenye mita 10 risasi inatua sentimita 6 kando. Mita 25, zaidi ya sentimita 15. Linganisha na kuyumba kwa kawaida: saiti zimepangana vizuri, ila zote kwa pamoja zinacheza ndani ya duara la sentimita 5 pale kwenye karatasi. Hapo risasi itatua ndani ya duara hilohilo, basi. Unachokiona ndicho utakachopata.

Mgeni anaogopa lile dogo na kulikaribisha kubwa. Anaona saiti zinazungukazunguka juu ya kati, anaona haya kwamba mkono unatetemeka, basi anavizia. Zikipita tu katikati, anainyakua triga. Katika kunyakua kule mdomo wa mtutu unazama milimita moja au mbili, na ile hesabu ya juu inafanya kazi yake. Mkono wa kila mtu unatetemeka, hata wa bingwa. Uache utetemeke. Kazi yako ni kuhakikisha triga haiongezi kitu juu ya mtetemo uliopo.

Mshiko sasa. Nitasema kwa mtu wa mkono wa kulia, wa kushoto ageuze.

Mkono wa kupigia uingie juu kabisa. Ile ngozi iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikandamizwe chini ya mkia wa bastola (pale mpini unapochomoza nyuma), pasibaki nafasi. Kadiri mkono unavyokaribia mstari wa mtutu ndivyo teke linavyorudi moja kwa moja mkononi badala ya kurusha mdomo juu. Ila usipitilize: slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, inarudi nyuma kwa kasi, na ngozi ikiwa njiani inachanwa. Vidole vitatu vya chini vivute kutoka mbele kwenda nyuma. Visibane ubavuni, maana ukibana ubavuni unaipindua bastola.

Mkono wa pili ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Shika bastola tupu kwa mkono mmoja, kisha itazame ubavu wa kushoto wa mpini. Kuna sehemu iko wazi, kati ya ncha za vidole na kitako cha kiganja. Hapo ndipo kiganja cha mkono wa kushoto kinapotakiwa kukaa, ile nyama nene ya chini ya gumba iguse mpini wenyewe, isiegemee juu ya vidole vya mwenzake. Kifundo cha mkono wa kushoto kipinde mbele na chini, kama digrii 45, mpaka gumba lielekee shabaha. Vidole vinne vizunguke juu ya vile vya kulia, cha shahada kikiwa kimebana chini ya kinga ya triga. Ukiona unategesha kiganja chini ya magazini, ujue mkono huo haufanyi chochote zaidi ya kupata joto.

Gumba la kulia likae juu ya la kushoto, limelegea. Likikandamiza kile kitufe cha kuzuia slaidi, risasi zikiisha slaidi haitabaki nyuma, na hapo tena bastola itasingiziwa.

Kidole. Jaribu hivi sasa bila silaha yoyote: shika mkono wako wa kulia kwa wa kushoto, chini kidogo ya kifundo, halafu kunja kidole cha shahada ghafla. Utahisi mishipa ya vidole vingine nayo inaruka. Vidole vimezoea kukunjana pamoja, na ukinyakua triga vile vitatu vinabana mpini wakati uleule. Kwa mtu wa kulia bastola inainama chini na kuelekea kushoto. Chini kushoto yako inatoka hapo.

Dawa ni kumaliza kubana kabla ya kuanza kuvuta. Ukishashika, nguvu ya mshiko ibaki palepale mpaka risasi itoke na baada yake. Weka kidole kwenye triga, ondoa ule ulegevu wa mwanzo mpaka ukutane na uzito, kisha endelea kuongeza taratibu bila kusimama, mpaka mlio ukushtukize. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kufika kwenye uzito, akasimama, akajipanga upya, halafu akamalizia kwa mkupuo. Ukisimama, umeshaanza kuvizia. Ukiona umeshikilia pumzi kiasi cha sekunde 8 na bado hujapiga, shusha bastola, pumua, anza upya. Jicho na misuli vimeshachoka hapo, na risasi utakayoilazimisha itakwenda inakotaka yenyewe.

Risasi ikitoka usiachie triga papo hapo. Ishikilie nyuma, tazama saiti ya mbele inapopanda na inaposhukia, ndipo uachie taratibu mpaka usikie ule mlio mdogo wa triga kujiseti kwa risasi inayofuata, uanze tena kutoka hapo. Ukiona saiti ilikuwa wapi hasa risasi ilipotoka, unaweza kutaja tundu lilipo kabla ya kutazama karatasi.

Maswali yaje.


#2 Kaka Ngumi

Uzi mzuri mkuu. Nguvu ya kushika ndiyo inanichanganya. Mmoja anasema sitini kwa arobaini, mwingine anasema ponda kadiri unavyoweza. Nifuate lipi?


#3 Mtutu Mfupi

Hizo asilimia hakuna anayeweza kuzipima, mkuu, ni namna ya kusema tu kwamba wa kushoto ufanye kazi kubwa zaidi. Sababu yake ni nyepesi: mkono wa kulia una kidole kinachotakiwa kutembea peke yake, na mkono uliokazwa kupita kiasi hauachi kidole kitembee. Wa kushoto hauna kazi nyingine.

Namna ya kupata kipimo chako: bana mpaka saiti ya mbele ianze kutetemeka harakaharaka, ule mtetemo mdogo wa misuli iliyochoka. Rudi nyuma kidogo mpaka uishe. Hapo ndipo pako. Kisha uwanjani piga tano mfululizo bila kupanga mikono upya. Ukijikuta unasogezasogeza kiganja baada ya kila risasi, mshiko unafumuka, na mara nyingi unaofumuka ni wa kushoto.


#4 Mchokozi

Maneno mengi. Yule Mturuki, Yusuf Dikeç, alisimama Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, akaondoka na medali ya fedha. Nyie mnapimana digrii 45 za kifundo.


#5 BintiShabaha

Mchokozi, nilijua utakuja na hilo. Alikuwa kwenye bastola ya upepo ya mita 10, timu mchanganyiko, pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Mchezo huo sheria yake ni mkono mmoja, wote wanapiga hivyo, na mkono wa pili lazima ukae mahali usiyumbishe mwili. Mfukoni ni mahali pazuri tu. Mwingine anauingiza kwenye mkanda.

Halafu tazama chombo chenyewe. Kirisasi cha milimita 4.5 kinachosukumwa na hewa, teke hakuna. Triga kwa sheria za ISSF, shirikisho la kimataifa la shabaha, isipungue gramu 500, na wengi wanaiweka karibu na hapo. Mpini wa mbao umechongwa kufuata kiganja cha mwenyewe. Sasa wewe una triga ya kilo mbili na nusu na risasi ya milimita 9. Ukimuiga mkono wa mfukoni peke yake, umeiga kile kisichomsaidia.

Cha kuiga ni kingine. Duara la alama kumi, lile la katikati, kwenye karatasi yao ni milimita 11.5, kutoka mita 10. Kirisasi chao kinakwenda polepole, kama mita 150 kwa sekunde, kwa hiyo kinakaa ndani ya mtutu muda mrefu kuliko risasi ya baruti. Mpigaji akilegeza mkono mapema, kirisasi bado kiko njiani. Ndiyo maana utawaona wanabaki wamesimama vilevile baada ya kupiga, kimya, bastola iko juu. Mleta uzi amesema ushikilie triga nyuma baada ya risasi. Wale wanaishi kwa hilo.


#6 Mchokozi

Sawa dada, nimekaa.


#7 Mzee Miwani

Vijana, mimi mshiko naupata. Tatizo ni jicho. Saiti ya mbele siioni vizuri tena, naiona ukungu, shabaha ndiyo naiona safi. Mwalimu anasema tazama saiti ya mbele. Nitatazamaje kisichoonekana?


#8 Kasi Kwanza

Shikamoo mzee. Jicho lina uwezo wa kuona wazi umbali mmoja tu kwa wakati, na umri ukienda lile la karibu ndilo linalokimbia kwanza. Miwani ya kusomea haitakusaidia sana, imetengenezwa kwa umbali wa kitabu. Mwombe mtaalamu wa macho lenzi ya umbali wa mkono ulionyooka, mpimie kabisa kutoka jichoni hadi saiti ya mbele kwa utepe (bila kwenda na bastola kliniki, jamani). Karatasi itaonekana na ukungu kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukilenga katikati ya doa lenye ukungu bado ni katikati. Saiti zenye ukungu ndizo ghali, kwa ile hesabu ya milimita moja.

Njia nyingine ni saiti ya nukta nyekundu. Hapo unatazama shabaha tu, nukta inaelea juu yake, hakuna kupanga mbele na nyuma. Onyo: itakuonyesha mtetemo wako wote bila huruma, na wengi wakiuona wanaanza kuvizia zaidi kuliko mwanzo.

Angalia pia jicho lako lenye nguvu ni lipi. Unganisha viganja ubaki na tundu dogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili, kisha funga jicho moja moja. Likifungwa lile ambalo kitu kinapotea, ndilo lenyewe. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto anasogeza bastola kidogo mbele ya jicho hilo, inatosha. Hana haja ya kubadili mkono.


#9 Mzee Miwani

Marahaba. Nimeandika pembeni. Mungu akubariki.


#10 BintiShabaha

Nina langu sasa. Vidole vyangu vifupi. Nikishika juu kama alivyosema mleta uzi, ncha ya kidole inagusa triga kwa shida. Nikizungusha mkono kidole kifike, teke linanipiga kwenye kiungo cha gumba mpaka panauma. Na ile kanuni ya kuweka nyama ya ncha ya kidole kwenye triga, mimi hainihusu au?


#11 Mtutu Mfupi

Dada, usizungushe mkono. Ukizungusha, nguvu yote ya teke inaishia kwenye kiungo kimoja, na bastola inapinda kulia na kushoto utakavyo bila kukuuliza. Bastola nyingi za sasa zina kipande cha nyuma cha mpini kinachobadilishwa, weka chembamba kuliko vyote. Kama haina, tafuta yenye magazini ya safu moja, mpini wake huwa mwembamba.

Kuhusu ncha ya kidole, hapo watu wamegeuza ushauri kuwa sheria. Kinachotakiwa ni triga irudi nyuma moja kwa moja. Kwa kiganja cha kawaida hilo linatokea kidole kikigusa kati ya ncha na kiungo cha kwanza. Kwa mwingine ni kwenye kiungo chenyewe. Kwako inaweza kuwa nchani kabisa. Namna ya kujua: hakikisha bastola tupu, risasi ziko chumba kingine, simama karibu na ukuta mweupe usio na kitu, wenye uimara wa kuzuia risasi, usio na mtu nyuma. Lenga ukuta, si doa. Vuta triga huku umeikodolea saiti ya mbele. Isipotikisika nyundo inapoanguka, mahali pa kidole ni sahihi, hata kama kila kitabu kinasema vingine. Ikiruka upande mmoja kila mara, sogeza kidole kidogo ujaribu tena. Ukuta mtupu unafaa kwa sababu hakuna cha kuvizia, jicho linabaki kwenye saiti.


#12 Silinda Sita

Mmewasahau watu wa rivolva, bastola za silinda inayozunguka. Magumba yale ya kuelekeza mbele MSIYALETE kwenye rivolva. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya, na risasi ikipita pale inatoka gesi ya moto yenye nguvu ya kukata nyama. Gumba la kushoto likunjwe juu ya la kulia, nyuma kabisa ya silinda. Hayo tu.


#13 Mtutu Mfupi

Asante sana kwa hilo. Kila mwenye rivolva alisome mara mbili.


#14 Kaka Ngumi

Nimefanya ukuta kwa muda sasa. Saiti haitikisiki kabisa, hata kidogo. Nikienda uwanjani risasi bado zinashuka. Nini tena?


#15 Mtutu Mfupi

Hapo tumetoka kwenye kidole tumeingia kichwani, mkuu. Ukutani mwili unajua hakuna mlio. Uwanjani unajua mlio unakuja, basi unaupokea kabla haujafika: mabega yanakaza, vifundo vinasukuma mbele, mdomo wa mtutu unazama.

Watu wengi wanadhani teke ndilo linalotupa risasi. Tazama muda. Risasi ya milimita 9 inatoka mdomoni ikiwa na kasi ya mita 350 kwa sekunde au zaidi, na ndani ya mtutu wa sentimita 11 inakaa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Unapouona mtutu unaruka juu, risasi imeshatua. Kilichoiharibu kilitokea kabla, na kilitoka kwako.

Cha kufanya: mwombe mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi bandia za mazoezi katikati ya za kweli, usijue zimekaa wapi. Juzi nilikuwa nyuma ya kijana mmoja anayefanya zoezi hili. Mbili za kwanza zilikuwa za kweli, zikapiga chini. Ya tatu bandia. Nyundo ikasikika "tak", na mdomo wa bastola ukaanguka upana wa vidole viwili, kwa nguvu, bila teke lolote la kuusingizia. Na macho aliyafumba. Alikuwa akisema siku zote kwamba saiti zake zimepinda. Akaitazama ile bastola, akacheka mwenyewe. Ndani ya magazini mbili tatu kundi lake lilikuwa limeanza kupanda, kwa sababu kila alipovuta hakujua kama italia, ikabidi avute kama haitalia.

Vaa pia kinga mbili za masikio, za ndani na za juu. Nusu ya woga wa bastola ni sauti, hasa kwenye uwanja wenye paa.


#16 Kasi Kwanza

Mleta uzi, hapa nitakupinga kidogo. Habari ya kuvuta taratibu mpaka mlio ukushtukize ni nzuri kwa mgeni na kwa mtu wa risasi moja moja. Lakini kwenye mashindano ya kasi hakuna anayeshtukizwa. Mchezo wa mita 25 wa kasi wa Olimpiki kuna mkupuo wa risasi tano, shabaha tano, sekunde 4. Unadhani wanasubiri kushtukizwa? Wanajua hasa lini inatoka. Wanachoweza ni kuvuta haraka bila bastola kuhama. Mimi ningemfundisha mtu hilo mapema, la sivyo anazoea kungoja, na siku akitaka kasi anarudi kwenye kunyakua.

Na si kila kuzama kwa mtutu kwenye risasi bandia ni woga. Mtu anayepiga haraka anaisukuma bastola chini baada ya teke ili irudi kwenye shabaha. Akikutana na bandia, mtutu utazama pia. Tofauti ni wakati: mwoga anazama kabla au pamoja na nyundo, huyu anazama baada yake. Ukimtazama kwa jicho tu utamhukumu bure, mpige video ya polepole.


#17 Mtutu Mfupi

Nakubali kuhusu kusukuma baada ya nyundo, na ni vizuri umelisema, maana walimu wengi wanalihukumu vibaya. Kuhusu kushtukizwa, mimi natazama mpangilio tu. Mtu ambaye bado anafumba macho ukimwambia vuta haraka, anachojifunza ni kufumba macho haraka. Apate kwanza kundi analolijua, kisha apunguze muda kidogo kidogo, aone ni wapi kundi linapasuka. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.


#18 Kasi Kwanza

Hapo tumekutana.


#19 Mchokozi

Nimerudi na swali la kweli. Kuna ule mchoro wa duara uliogawanywa vipande, unaambiwa ukipiga hapa kosa ni gumba, ukipiga pale ni kifundo. Unaaminika?


#20 BintiShabaha

Kwa tahadhari. Ulitengenezwa kwa mtu anayepiga kwa mkono mmoja, na wa kulia. Ukishika kwa mikono miwili sababu zinachanganyika, na mtu wa kushoto lazima augeuze kwanza. Tena unafaa tu kama matundu yako yamekaa pamoja. Matundu yaliyotawanyika kila upande hayana kipande cha kusoma, yanasema mshiko haufanani kati ya risasi moja na nyingine.

Na kabla mtu hajakimbilia saiti: pata kundi dogo kwanza, piga ukiwa umeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, halafu mpe mpigaji mwingine unayemwamini bastola ileile. Kundi lake likitua mahali palepale nje ya kati, basi ndiyo, saiti zihamishwe. Saiti ya nyuma inasogezwa kuelekea unakotaka risasi iende. Ya mbele ni kinyume.


#21 Mkono Kushoto

Mimi natumia kushoto na nimechoka kugeuza kila sentensi humu hahaha. Kuna mtu amewahi kufika mbali na kushoto?


#22 BintiShabaha

Károly Takács wa Hungaria. Alikuwa mtu wa kulia, mwanajeshi, guruneti likamharibu mkono huo mwaka 1938. Akajifundisha upya kwa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi mita 25 London 1948, akarudia Helsinki 1952. Mkono usiowahi kushika triga hauna mazoea mabaya ya kufuta, sijui kama hilo lilimsaidia, ila mimi huwa nawaambia wanafunzi wapige magazini moja ya mkono wa pili kila siku ya uwanja. Wanaivuta triga kwa heshima kuliko wanavyofanya kwa mkono wao mkuu.


#23 Kaka Ngumi

Swali la mwisho wakuu. Nina bastola ya .22 ya mazoezi, risasi zake rahisi na teke dogo. Naweza kufanya ile ya ukuta nayo bila risasi?


#24 Silinda Sita

Angalia kijitabu cha mtengenezaji kwanza. Kwenye .22 nyingi pini inapiga ukingoni mwa risasi, kwa hiyo chemba (pale risasi inapokaa) ikiwa tupu pini inaweza kugonga chuma cha mdomo wa chemba na kukibonyeza kidogo kidogo, mpaka maganda yaanze kukwama. Tia risasi bandia za .22 zilizotengenezwa kwa kufyatuliwa. Usitumie zile za plastiki za kujifunzia kujaza magazini tu, zinapasukia ndani.